Ngozi Safi Mno

Nguo ya mpuliza dawa haitakiwi kunukia maua. Shida yote ilianzia hapo.

Nilikuwa nimefungua mfuko wa karatasi ya fedha juu ya meza ya maabara, nikashusha barakoa kidogo ili nijikune pua, kosa ambalo Daktari angenifukuzia kazi hapo hapo, na harufu ikanijia. Haikuwa ya dawa ya mende wala ya jasho. Ilikuwa harufu nzuri ya maua, utadhani nimefungua sanduku la bibi harusi. Halafu nikaona kitu cha pili: kwenye mkono wa ile fulana kulikuwa na mstari. Mstari mnyoofu, wa pasi.

Nikapandisha barakoa. Nikajiambia, Vituko, nyamaza kwanza.

Vituko ndilo jina langu pale kazini. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, au chuo kiliniacha mimi, inategemea unamuuliza nani. Wengine wanaojua ni mkuu wa idara na chura aliyemkuta kwenye mkoba wake. Lakini kukata vitambaa, kuviloweka na kuvipeleka kwenye mashine sihitaji cheti, na ofisi yetu inahitaji mtu wa kufanya hivyo. Kazi ya ofisi, ukiondoa maneno makubwa, ni moja: kampuni ikileta dawa mpya ya wadudu, sisi tunatafuta kujua kama itamuua mende peke yake au mende na mwenye nyumba.

Tunavyofanya ni hivi. Mpulizaji, chini ya ovaroli yake, anavaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyeupe ya pamba tuliyompa sisi. Sisi tunaziita ngozi. Dawa ikivuja, ikirukia, ikipenya ovaroli, ile pamba inaidaka badala ya mwili wake. Akimaliza kazi anavua, anaifunga kwenye mfuko wa fedha, mfuko unaingia kwenye sanduku la barafu lenye kufuli, na asubuhi mimi nakwenda kulichukua. Mashine inatuambia ngozi imekunywa dawa kiasi gani. Daktari anachukua kiasi hicho anakilinganisha na kile ambacho mwili wa mtu unaweza kuvumilia kila siku bila kudhurika. Ikiwa ndani ya mpaka, dawa inakwenda dukani. Ikizidi, hairuhusiwi.

Dawa ya safari hii ilikuwa ya kopo la kijani. Na ngozi zake zote zilikuwa safi. Safi mno.

"Vituko."

"Naam, Daktari."

Daktari wetu si wa sindano, ni wa vitabu. Mama mfupi, mpole, anavaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na akikuita kwa sauti ya chini ujue mambo yameharibika.

"Hizi ngozi umezifanya nini?"

"Sijazifanya kitu."

"Mara ya mwisho uliponiambia hujafanya kitu, nilikuta mende wa plastiki kwenye chai yangu."

"Yule alikuwa mende wa salamu tu, Daktari. Huu ni mzigo wa kazi."

Hakucheka. Akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Yule mpulizaji mrefu, nilikuwepo siku ile. Pampu yake ilivuja. Mgongo wake ulilowa mpaka kiunoni, nimeona kwa macho yangu. Ngozi yake inasema hakuguswa na kitu. Sasa ama yule ni malaika, ama kuna mtu anatuchezea. Na hapa ofisini mchezaji ninayemjua ni mmoja."

"Daktari, haki ya..."

"Usiape. Nitafutie jibu."

Nilitoka mle nimenywea. Mtu wa utani akishukiwa hana pa kujitetea. Kila anachosema kinasikika kama utani mwingine. Lakini kichwani nilikuwa tayari na mtu wangu. Anayenukia maua.

Tulimwita Bwana Marashi. Ndiye mtu wa kampuni yenye kopo la kijani, kazi yake kuja kuuliza majibu yanatoka lini. Huyu bwana anafika harufu, kisha viatu, halafu yeye mwenyewe. Akikushika mkono asubuhi, mchana unakula chakula chenye ladha ya duka la vipodozi. Na nani mwingine angefaidika na ngozi safi? Ngozi zikiwa safi, kopo la kijani linapita. Nikaona picha nzima: usiku anampoza mlinzi, anafungua sanduku, anabadilisha ngozi chafu kwa mpya zilizopigwa pasi. Nilijiona mpelelezi.

Jumapili nikaenda kula kwa dada yangu kama kawaida. Dada ndiye aliyenilea mama alipoondoka. Anafua nguo za watu, na ovaroli za wale wapulizaji anazifua pia. Kazi hiyo mimi ndiye niliyemtafutia kwa Nyapara wao. Ovaroli zinasuuzwa kwanza kwa bomba pale pale kazini kabla hazijatoka. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa, na mimi niliiamini kanuni.

Sijakaa vizuri, shemeji akanivuta uani. Shemeji ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na hayo machache anayatoa kama anang'oa pini mdomoni.

"Shemeji, nikuulize. Dada yako anakunywa?"

"Anakunywa nini?"

"Pombe, bwana. Usinifanye niseme kwa sauti."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mikono inatetemeka. Jasho linamtoka amekaa kivulini. Kichwa kila siku. Juzi amepita mlangoni akagonga ubavu, mlango ambao amepita miaka. Mate yanamjaa mdomoni. Nikimuuliza anasema uchovu. Nimemnusa akiwa amelala."

"Ukasikia nini?"

"Sabuni." Akatikisa kichwa. "Wana ujanja wao, wanywaji. Nimekagua mpaka chini ya kitanda. Nikimkamata, shemeji, nakwambia wewe kwanza: mtoto wangu hatabaki na mlevi."

Tukarudi ndani. Dada akaleta sahani, na kweli mikono ilikuwa inacheza. Mchuzi ukamwagika mezani. Akapangusa haraka, akanitazama. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama nukta. Nikasema ni jua la mlangoni.

"Unaniangalia nini? Nimeota pembe?"

"Nakuona umechoka, Dada."

"Mzae wewe, umnyonyeshe wewe, ufue wewe, halafu nione kama utakuwa umenawiri." Mtoto, binti mnene wa miezi michache, alikuwa mgongoni kwake amelala. "Kula, Mjomba wa watu. Umekonda kwa umbeya."

Nilikula. Lakini mara moja, alipoinama kuniongezea wali, nami nikanusa. Nikaona haya. Nikarudi kuwaza Bwana Marashi.

Wiki ile nikatega mtego. Maabara kuna unga wa kupaka rangi vijidudu ili waonekane kwenye darubini. Ukiwa mkavu na kidogo, huuoni. Ukigusa maji, unageuka zambarau kali, na sabuni yoyote ile haiutoi. Unasubiri ngozi yako mwenyewe ikuonee huruma. Nikachukua ngozi mpya isiyovaliwa, nikainyunyizia unga, nikaifunga kwenye mfuko wa fedha kama zile nyingine. Ijumaa mchana nikaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha wapulizaji, nikaichomeka kwenye sanduku. Anayeziiba atazishika. Akizishika, atanawa. Akinawa, tumekwishamjua.

Nyapara alisimama mlangoni muda wote. Mzee mrefu, mkali, ufunguo wa kufuli kauning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Unaongeza nini humo?"

"Mfuko wa ukaguzi tu, mzee. Huu ufunguo anao nani mwingine?"

Akaushika kwa kiganja kama mtu anayeficha kidonda. "Haulali mbali na mimi."

Hilo halikuwa jibu. Sikupenda alivyotazama pembeni. Nikamwongeza kwenye orodha ya kichwani: Marashi analipa, Nyapara anafungua.

Kesho yake Bwana Marashi akaja ofisini, harufu mbele. Nikamkaribisha kwa chupa ya maji iliyotoka kwenye jokofu, imelowa nje hadi inadondoka. Akaipokea. Nikasubiri. Akaihamishia mkono wa pili. Nikasogea.

"Kijana," akasema, "unanitazama mikono kama unataka kuniposa."

"Una mikono mizuri, bosi."

"Na wewe una macho mabaya. Majibu lini?"

Mikono ilibaki vilevile. Si tone la zambarau. Nikamshika mkono wa kwaheri kwa mikono yangu miwili iliyolowa, nikausugua kabisa, akauvuta kama ameshika kinyonga. Hakuna kitu. Basi nikaanza kutazama viganja vya kila mtu: mlinzi, mama wa usafi, mhasibu. Daktari aliponipa faili nikavitazama na vyake.

"Unatafuta nini mikononi mwangu?"

"Nakutazamia bahati, Daktari."

"Nitazamie ya kwako. Jumatatu nataka jibu, la sivyo naandika kwamba mtunza ngozi ndiye aliyeziharibu, na huyo ni wewe."

Jumapili asubuhi simu ikalia. Shemeji.

"Njoo."

"Kuna nini?"

"We njoo. Njoo uone mambo ya dada yako."

Nilifika naruka. Uani kwao kulikuwa kama mtu amechinja zabibu. Beseni zambarau. Sakafu ya saruji zambarau, na mfereji wa maji machafu unapeleka zambarau kwa jirani, jirani kasimama dirishani na mswaki mdomoni. Kwenye kamba: ovaroli zenye mabaka, nepi za mtoto zambarau, shati jeupe la mteja wa shemeji zambarau yote mpaka kola. Na kati yao, zimebanwa kwa vibanio vyema, kwa mpangilio, mikono chini, zilikuwepo ngozi zetu. Zote.

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kaiweka magotini kama si yake. Zambarau mpaka viwiko.

"Nimerogwa," akaniambia. "Au wewe una maelezo? Maana hiyo sura naijua. Hiyo sura ulikuwa nayo ulipotia pilipili kwenye dawa ya meno ya baba."

"Dada, hizi nyeupe... zilizokuwa nyeupe. Umezitoa wapi?"

"Kwa Nyapara, wapi kwingine? Kila jioni ananipa pamoja na ovaroli. Zinakuwa kwenye vimifuko vya kung'aa."

"Na unazifua."

"Hapana, nazipikia uji. Nafua, napiga pasi, alfajiri namrudishia anafungia kwenye sanduku lake. Za Ijumaa ndizo nazifua Jumapili, maana sanduku linasubiri Jumatatu."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Wewe! Nguo ya kuazimwa unairudisha na jasho la mtu? Nyapara alikuja kwangu kichwa chini, anasema hizi nguo za ndani za vijana wake zinakwenda kwa mama mmoja msomi, anazitandaza mezani, anazikata vipande, anazichunguza. Nguo za ndani za wanaume wazima! Zina madoa, zinanuka. Mzee wa watu alikuwa anaona haya mpaka basi. Nikamwambia niachie. Nimezitia hata ile sabuni ya maua, ambayo mimi naiweka kwa nguo za mtoto peke yake. Watu wale wapate aibu, na wewe unafanya kazi hapo hapo? Wangesema hatukulelewa."

Nilikaa chini, kwenye maji ya zambarau. Nilikuwa nimemwinda tajiri, mlinzi, mzee wa watu. Na mwizi alikuwa heshima. Adabu yetu ya nyumbani, ile ile niliyofundishwa kwa kibao cha kisogoni.

Kisha nikamtazama vizuri. Alikuwa kivulini, chini ya paa, jua halimfikii. Na mboni zake zilikuwa nukta. Kope la kushoto lilikuwa linaruka lenyewe.

Hiyo nilisoma. Kabla ya chura, hiyo nilisoma: dalili za dawa ya wadudu mwilini mwa mtu.

"Ovaroli," nikasema. "Zinakuja zimesuuzwa?"

"Zisuuzwe na nani? Zinakuja zimelowa dawa mpaka zinachuruzika. Naziloweka zote pamoja, nazisugua."

"Na glavu?"

"Glavu za nini? Nafua, sipasui watu."

"Nguo za mtoto je?"

Akazitazama nepi kambani. "Zinafuata. Beseni ni moja."

Shemeji alikuwa kaegemea mlango. Akasema polepole, "Kwa hiyo... siyo pombe?"

"Pombe gani?" Dada akageuka. "Nani anakunywa pombe?"

Dada akamtazama mumewe, akanitazama mimi, na ninaapa hata kope lile liliacha kuruka.

"Ndiyo maana ulikuwa unanusa mdomo wangu nikiwa usingizini," akasema. "Mimi nilidhani ni mapenzi."

Tulimpeleka hospitali, yeye na mtoto, na yeye akificha mikono ndani ya mtandio njia nzima. Wakachukua damu. Daktari wa huko, huyu wa sindano, alituambia kuna kitu kwenye damu kinachosaidia mishipa ya fahamu kutulia, na cha dada kilikuwa kimeshuka chini kabisa. Dawa za namna ile ndivyo zinavyofanya, kidogo kidogo, bila kelele. Wakamlaza, wakampa dripu. Cha mtoto kilikuwa kimeshuka kidogo. Akasema mbadilishieni nguo zote na tutamtazama. Shemeji alizichukua zile nguo ndogo akaenda kuzitupa mwenyewe, na alikaa nje muda mrefu.

Jumatatu nikamweleza Daktari kila kitu, unga na yote. Nilitegemea barua ya kufukuzwa. Alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani.

"Anaendeleaje?"

"Anatukana manesi. Afadhali."

"Ngozi zote hizi ni za kutupa. Tunaanza upya, na sanduku linatoka na wewe jioni ile ile." Akaufunga mfuko uliokuwa mezani. "Kwenye mpango wa utafiti niliwaandika mpulizaji, mwenye nyumba, mtoto anayetambaa sakafuni. Aliyefua sikumwandika. Nilimwachia kanuni ya bomba."

Bwana Marashi aliposikia, alikuja akiwa amejipulizia mara mbili. "Pole sana kwa mama huyo," akasema. "Lakini yeye hayumo kwenye mpango wa utafiti. Kukaa na ngozi bila ruhusa ni kosa lake. Na tena, damu imeshuka kwa dawa ya kopo letu, au kwa makopo mengine wanayopulizia wale vijana? Mna ushahidi gani? Nguo zote mmezipaka rangi wenyewe, na zimefuliwa."

Alikuwa na hoja, ndiyo mbaya. Nyapara, aliyeitwa naye, alikuwa ameinamisha kichwa mpaka ufunguo ulining'inia hewani.

Mlango ukagongwa. Dada.

Alikuwa ametoka hospitali siku ile ile, kavaa nguo yake ya kutokea, mikono bado zambarau, na shemeji nyuma yake kambeba mtoto. Mkononi ana mfuko wa plastiki umefungwa mafundo. Alipomwona Daktari akapiga goti kidogo kumwamkia, akawa kama amesahau alichojia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Siketi, nina haraka." Hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anaona haya, hata masikio yalimsaliti. "Hili ni gauni langu la kufulia. Nililivaa siku zote za hizo nguo zenu, nikifua nguo za makopo ya kijani tu; Nyapara ananiambia wiki hizi hawapulizii kingine. Si kweli, mzee?"

"Kweli," Nyapara akaiambia sakafu.

"Maji yote ya beseni yananirukia hapa, tumboni, ninapomnyonyeshea mtoto." Akauweka mfuko mezani, akausukuma kwa ncha ya kidole. "Sijalifua."

Bwana Marashi akafungua mdomo. Daktari akainua kidole, bwana akaufunga.

"Gauni moja halitoshi kuandika jibu," Daktari akamwambia dada, taratibu. "Lakini linatosha kuzuia kopo mpaka tupime wengine wanaofua. Nitaanza na lako."

"Linanuka, mama. Unisamehe. Mimi si mtu wa kumpa mtu nguo chafu."

"Najua," Daktari akasema. "Niliziona pasi zako."

Nikavaa glavu mbili mbili. Nikaenda kuleta mfuko wa fedha na sanduku la barafu. Nilipopita karibu na Bwana Marashi alikuwa anautazama ule mfuko wa plastiki kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo, hivyo kufuli nikalifunga mwenyewe, na ufunguo nikauvaa shingoni.